Siku moja maishani mwangu: kliniki ya macho ya watoto, Bukavu

Saa 1:30 asubuhi. Betri ya oftalmoskopu, kifaa cha kumulikia ndani ya jicho, inajaribiwa, pazia la chumba cha giza linashushwa hadi sakafuni. Mwanga ukipenya, mboni ya mtoto husinyaa na huoni kitu.

Saa 2:00. Akina mama wanaingia, wengine kutoka Kadutu hapa mjini, wengine wameshuka kwenye boti ya kisiwa cha Idjwi. Mama anampakata mtoto. Nasimama umbali wa kama nusu mita na kumulika macho yote mawili kwa pamoja. Lenzi ikiwa safi, mwanga huipita na nyuma ya jicho hurudisha mng'ao. Kwa watoto wetu si mwekundu kama wa vitabuni. Huwa rangi ya chungwa iliyofifia, hata kijivu. La msingi ni macho mawili yafanane. Doa jeusi ndani ya mng'ao, au mboni nyeupe, huweza kuwa mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya lenzi. Weupe unaweza pia kuwa saratani, kwa hiyo mtoto huyo haambiwi arudi mwezi ujao.

Saa 2:30. Matone ya kupanua mboni: tropikamidi asilimia 0.5 na fenilefrini asilimia 2.5. Ile ya asilimia 10 haimgusi mtoto mchanga, hupandisha presha ya damu. Baada ya tone, kona ya jicho upande wa pua inabanwa dakika moja ili dawa isishuke puani na kuingia mwilini. Macho meusi hufunguka polepole. Nusu saa inapita.

Saa 4:00. Hapa ndipo wengi hukosea: wanampima mtoto, wanawaacha wazazi. Mara nyingi lawama imeshamwangukia mama, eti kalogwa, eti alikula kitu. Namuuliza kama alipata homa na vipele miezi ya mwanzo ya mimba, maana rubela huharibu lenzi, na moyo na masikio pia. Kisha: "Papa, na wewe keti hapa, weka kidevu." Baba anaweza kuwa na vidoa vidogo katikati ya lenzi tangu azaliwe, asijue. Vikionekana, ugonjwa umeshaonyesha njia uliyopitia.

Njia hiyo yaweza kuwa jeni ya CRYAA, kwenye kromosomu ya 21. Inatoa maelekezo ya kutengeneza alfa-A kristalini, protini ya asidi amino 173. Mwaka 1992 Joseph Horwitz, Marekani, alionyesha kwamba alfa-kristalini huzishika protini nyingine zinapoanza kujikunjua, kabla hazijagandana. Tazama ute wa yai kikaangoni: protini zikigandana, kilichopitisha mwanga kinakuwa cheupe. Seli za katikati ya lenzi zilishapoteza viini vyao, hazitengenezi protini mpya. Ile ya tumboni mwa mama ndiyo ya uzeeni. Badiliko la herufi moja ya DNA laweza kuweka asidi amino ya sisteini mahali pa arjinini, kwenye nafasi ya 116, na ulinzi unadhoofika mapema. Nakala moja mbovu inatosha: mzazi akiwa nayo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Lakini lenzi safi za wazazi hazimaanishi kwamba jeni haihusiki. Badiliko huweza kuanza kwa mtoto mwenyewe.

Saa 6:00. Damu ya wote watatu, mililita 2 hivi kwa mzazi, chupa ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, dawa inayozuia damu kuganda. Inapinduliwa taratibu mara 8, haitikiswi. Chupa ya heparini, nayo ya kuzuia kuganda, haifai, huzuia DNA isinakiliwe maabara. Jina linaandikwa kwenye chupa mbele ya mgonjwa, kisha friji, nyuzi 4.

Saa 8:00. Miwani ya waliokwisha pasuliwa. Mtoto mchanga aliyetolewa lenzi huhitaji miwani ya nguvu ya karibu +20. Fremu ikishuka puani, nguvu inabadilika, kwa hiyo kamba ya nyuma inakazwa. Presha ya macho inapimwa kila ziara, kwani glaukoma huja hata miaka mingi baadaye.

Saa 9:30. Ratiba ya upasuaji. Jicho moja likiziba, tunalenga wiki ya 6; yote mawili, kabla ya wiki ya 10. Ubongo usipopata picha mapema, jicho safi halitafundishika vizuri tena. Wa wiki 5 anapangiwa Jumanne. Mama anaambiwa mara mbili: ziwa la mwisho masaa manne kamili kabla ya dawa ya usingizi, na papa aje naye.