Mita 18 nilikuwa hodari, mita 70 zikaniumbua

Kwa miezi minane nilipiga mishale ya mita 18 tu, na nilikuwa napiga vizuri. Duara la kumi, yaani la katikati lenye pointi nyingi zaidi, pale lina upana wa sentimita 4, na nusu ya mishale yangu ilikuwa inaingia humo. Nikahamia mita 70, umbali wa Olimpiki, nikiamini kwamba shabaha kubwa ya sentimita 122 itanisamehe makosa madogo. Mishale ikaenda kukaa kwenye duara la bluu, nje ya njano ya katikati na nyekundu, upande wa kulia, kama sentimita 30 kutoka katikati. Juu na chini ilipishana, lakini upande ulikuwa ule ule kila siku.

Ushauri ukamiminika. Wa kwanza: upepo. Nikafunga utepe juu ya fremu ya shabaha, nikaja alfajiri, utepe umelala kabisa. Bluu, kulia. Wa pili: upinde wako dhaifu, tafuta mzito. Nikatoka upinde wa nguvu ya kuvuta ya ratili 34 nikaenda 42, kwa akiba niliyokuwa nimeiweka kwa jambo jingine kabisa. Kwa wiki sita nilipigana na upinde badala ya kulenga. Uzito usiouweza unapandisha bega, mkono unatetemeka, na mshale unauachia kwa sababu umechoka. Hasira ya ushauri ule bado ninayo. Nikarudi kwenye 34.

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu. Kwamba kulenga pembeni kwa digrii moja ni kosa la sentimita 31 kwenye mita 18, na sentimita 122 kwenye mita 70, hilo wote wanalijua. Kilichonifumbua macho ni kushuka kwa mshale. Ukiacha ukinzani wa hewa, mshale wa mita 55 kwa sekunde hufika mita 18 ukiwa umeshuka kama nusu mita. Ukifika mita 70 umeshuka karibu mita 8. Umbali mara nne hivi, kushuka mara kumi na tano! Kwa hiyo ukienda mbali unashusha pini ya kulengea ili upinde uinuke zaidi. Na kama upinde umelalia kulia, unauinua mshale juu na kulia kwa pamoja. Kwa karibu hulioni, maana ukisogeza pini kidogo pembeni kosa linajificha.

Nikaazima akili ya waashi: timazi. Kamba nyeupe, nati nzito chini yake, nikaitundika kwenye mti hatua chache mbele ya mstari wa kupigia, pembeni ya njia ya mshale. Mwenzangu akasimama nyuma yangu na simu, akarekodi mishale kumi na miwili. Tulipoisimamisha picha pale upote, yaani kamba ya upinde, umevutwa hadi mwisho, sikuhitaji kuelezwa. Kamba ya timazi imenyooka wima, na ncha ya juu ya upinde wangu imeinamia kulia. Tukapima kwenye picha: digrii tatu. Kwa hesabu yangu, ukitoa kile pini ilichokuwa inaficha, kila digrii ya upinde kulala ilinipa kama sentimita 10 kwenye mita 70. Bluu yangu hiyo hapo, kamili!

Chanzo kilikuwa kiganja. Nilikuwa naubana mshikio kwa nguvu, kifundo cha mkono kinazunguka nao. Nikajifunza kuusukuma upinde kwa kitako cha kidole gumba, vidole vimelegea, kitanzi cha mkononi kikiuzuia usianguke. Wiki mbili nzima mita kumi tu, kamba mbele ya macho.

Niliporudi mita 18 mishale ikaenda kushoto, kama sentimita 3. Mtu akaniambia nimejiharibu. Hapana! Pini yangu ilikuwa bado imewekwa kwa upinde uliolala. Nikairudisha, basi. Ukinyoosha upinde, weka pini upya kwanza, usisikilize mtu.

Ikabaki juu na chini. Kasi ikipungua asilimia moja tu, kwenye mita 70 mshale unashuka zaidi kwa kama sentimita 16, na kasi hupungua ukivuta pungufu hata kidogo. Sasa siachii kabla upote haujagusa ncha ya pua na katikati ya kidevu, na nikikaa hapo muda mrefu hadi pini ianze kutetemeka, nashusha upinde naanza upya.

Jumamosi iliyopita, mishale sita ya kwanza ya mita 70: minne njano, miwili nyekundu, chini ya katikati. Kulia, hakuna hata mmoja.