Hidrojeni ya galaksi ya Pembetatu

Dodoma, Jumapili usiku

Leo nimeifuta kazi ya wiki nzima na kuianza upya, wala sijutii.

Mwanzoni mwa mwezi huu, katika usiku usio na mbalamwezi, niliielekeza darubini upande wa kaskazini kuifuata galaksi ya Pembetatu, yaani M33, iliyo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 2.7, nikapiga picha kwa vichujio vya kawaida vya nyekundu, kijani na buluu. Mwezi ulipoanza kung'aa nilibadili, nikaweka kichujio chembamba kinachopitisha nanomita 7 tu (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga) kuzunguka mwanga wa hidrojeni wa nanomita 656.3, kwa kuwa huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa mwezi na wa taa za mji.

Nilipoziunganisha picha hizo mara ya kwanza nilifuata njia ya mkato: popote picha ya hidrojeni ilipong'aa kuliko ile nyekundu, programu ichukue ya hidrojeni. Mawingu ya gesi yalijitokeza, nami nikafurahi sana. Mdogo wangu alisimama nyuma yangu, akatazama kwa muda, kisha akauliza: "Kaka, hizi rangi ziko huko juu kweli, au umezipaka wewe?" Nilishindwa kumjibu, maana mikono ya galaksi, iliyojaa nyota changa zenye joto kali na rangi ya buluu, ilikuwa imegeuka zambarau.

Kosa nimelielewa sasa. Kichujio chembamba hakipitishi mwanga wa gesi peke yake. Nyota hutoa mwanga katika kila rangi, na sehemu yake inayoangukia ndani ya zile nanomita 7 huingia pia. Mwanga huo wa nyota nao ulikuwa umeipandisha rangi nyekundu.

Kwa hiyo leo nimeichukua picha nyekundu, ambayo kichujio chake hupitisha karibu nanomita 100, nikaizidisha kwa namba ndogo na kuitoa kwenye ile ya hidrojeni. Hesabu hii lazima ifanyike wakati picha bado ni nyeusi, kabla ya kuongezwa mwanga, kwa sababu hapo ndipo namba ya kila pikseli inapolingana na mwanga ulioingia kwenye kamera. Namba yenyewe niliitafuta kwa jicho: nilikuza nyota moja ya kawaida, nikawa napandisha kidogo kidogo; namba ikipungua nyota inabaki, ikizidi panatokea doa jeusi mahali pake. Ilipofutika vizuri, kilichosalia kilikuwa gesi tupu, vipande vilivyotawanyika kando ya mikono ya galaksi kama makaa.

Nilikaa muda mrefu kwenye kipande kimoja, wingu la gesi liitwalo NGC 604, ambacho mwanaastronomia William Herschel alikiona mwaka 1784. Upana wake ni kama miaka-nuru 1,500. Nilipokikuza niliona kingo zilizopinda na nafasi zenye giza katikati, ambako nyota kubwa zilizozaliwa humo zimeisukuma gesi pembeni.

Lilibaki suala la rangi. Gesi hii ikiongezwa kwenye nyekundu pekee hutoa rangi ya damu ya mzee, nzito na bapa. Hidrojeni hiyo hiyo hutoa pia mwanga wa nanomita 486.1, upande wa buluu, wenye nguvu ya takriban theluthi ya ule mwekundu kabla vumbi halijaupunguza. Nikaongeza robo ya gesi kwenye buluu, na mawingu yakawa ya waridi. Mikono ya galaksi imebaki na buluu yake, ingawa pembeni kabisa bado kuna chenga ambazo nitahitaji usiku mwingine wa giza kuziondoa.

Mdogo wangu amelala. Kesho nitamwonyesha picha tatu kwa zamu, ya nyota, ya gesi, na ya zote mbili, nimweleze kwamba gesi iko pale pale anapoiona na waridi hiyo ni ya hidrojeni, ila nguvu yake nimeipandisha mimi.