Vifuniko vya Rangi Kando ya Barabara ya Jogoo

Wiki iliyopita taa za mtaani kwetu zilibadilishwa. Zile za rangi ya chungwa zikaondolewa, zikawekwa nyeupe zinazofichua hata nyufa za ukuta. Binti yangu alisimama dirishani akaniuliza imekuwaje lori la jirani, ambalo kila usiku alilidhani jeusi, kumbe ni la buluu. Nilimjibu kwa kifupi ili alale, lakini mimi mwenyewe nilikesha nikiwaza gereji moja ya kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi, na bwana mmoja wa rangi niliyemjua pale miaka iliyopita.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, nikiamini kwamba usanifu wa grafiki huanzia na kuishia kwenye kompyuta. Yeye alikuwa akibuni sura za matatu. Kanuni za mwaka 2004, ambazo Wakenya walizipachika jina la Waziri John Michuki, zilikuwa zimeleta mikanda ya viti, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano ubavuni, na michoro mingi ikatoweka barabarani kwa miaka. Iliporudi, wasanii waliirukia kama watu waliofuturu kwa kuchelewa, na yeye aliwashinda wote kwa ulafi: waridi kali kando ya kijani cha ndimu, zambarau iliyopakana na chungwa, herufi nene zenye vivuli viwili. Asiyemjua angedhani anamwaga rangi ovyo.

Hakuwa akimwaga. Alipiga picha ubavu wa gari, akachora juu ya picha hiyo kwa kompyuta, na mchoro wa kwanza ulikuwa daima wa nyeusi, nyeupe na kijivu, kwa sababu alishikilia kwamba mchoro usiosomeka bila rangi hauwezi kuokolewa na rangi. Karibu na mlango aliacha eneo tulivu lisilo na uso wa mtu wala neno. Hapo, alisema, ndipo makanga atakaponing'inia, na haina maana kumlipisha mwenye gari kwa mchoro utakaofunikwa na mgongo. Msasa, puti, tepu na kompresa vilikuwa mikononi mwa vijana wengine, nami nitaviruka.

Jioni ninayoikumbuka tulikuwa na basi la viti 33, na mwenyewe, mama mmoja mfanyabiashara, alitaka liwe buluu iliyokoza lote, pamoja na jina lililoandikwa kwa waridi. Kwenye skrini lilipendeza sana, nami nilisema hivyo. Bwana wa rangi hakubisha. Alikusanya vifuniko vya mikebe, akapaka kila kimoja rangi yake, akaviacha vikauke, na giza lilipoingia akatuomba sote tutoke nje hadi chini ya mlingoti wa taa.

Alivipanga ukingoni mwa barabara, kimoja kimoja, bila kusema neno. Buluu ilizimika mbele ya macho yetu ikawa karibu nyeusi. Zambarau ikageuka hudhurungi, waridi ikapauka ikaelekea chungwa, na hata kifuniko cheupe hakikubaki cheupe. Njano peke yake ilisimama imara, na kijani cha ndimu nyuma yake kidogo. Ndipo akaeleza kwamba taa ya sodiamu hutoa mwanga ulio karibu wote wa njano na chungwa, hivyo rangi ya buluu haipati nuru ya buluu ya kuirudisha, nayo hubaki giza.

"Mama," alisema, "abiria wako anatoka kazini saa mbili usiku, amechoka, na magari yamejaa stejini. Ataona giza linamjia, asubiri la nyuma."

Yule mama alichuchumaa, akavihamisha vifuniko mwenyewe, akakiweka cha buluu kando ya cha njano, akakiondoa, akakirudisha. Magari yalikuwa yakipita karibu mno na vidole vyake. Kisha akainua uso.

"Fundi, nimekuelewa. Lakini mimi huliona asubuhi, likitoka kwangu."

Sikuwahi kumwona bwana yule akikosa jibu kwa muda mrefu namna ile. Mwishowe walikubaliana kwamba njano itawale mwili wa gari, jina liandikwe kwa nyeusi, na buluu ishuke iwe ukanda wa chini, karibu na magurudumu. Nililipanda basi hilo mchana mmoja, na juani lilichoma macho.

Siku hizi wateja wangu hutazama kazi zangu kwenye simu, ambako rangi ni mwanga, kisha hulalamika zikichapwa kwa wino. Ndiyo maana huwauliza kwanza kazi itatazamwa wapi na saa ngapi, na baadhi yao huniona msumbufu. Hata hivyo sina hakika kama jioni ile nilijifunza kanuni au nilishuhudia tu mtu mwenye hoja nzuri akimzidi nguvu mwenye mali yake. Basi lile nililiona tena miaka kadhaa baadaye, usiku, taa za chungwa zikiwa bado zipo. Lilikuwa limepakwa upya na fundi mwingine, buluu tupu kuanzia paani hadi magurudumuni, na abiria walikuwa wamesimama hadi mlangoni.