Seva haifungui faili lako

Kazi yangu ni kutunza seva za tovuti, na kuna imani moja naikuta kila ofisi: eti seva hulichungulia faili, ikaona ni picha au PDF, ndipo ikalituma. Sivyo. Apache na nginx, programu zinazotuma kurasa za tovuti nyingi, kwa kawaida huangalia jina tu, kile kinachofuata nukta. Kisha zinatazama orodha iitwayo mime.types, zinakuta .pdf ni application/pdf, na kuandika hivyo kwenye mstari wa Content-Type, unaotangulia faili na kukiambia kivinjari ni kitu cha aina gani. Orodha hizi asili yake ni barua pepe: Nathaniel Borenstein na Ned Freed walizipanga mwaka 1992 ili watu waweze kutumiana picha na sauti.

Juzi chuo kimoja kilinipigia: fomu ya kujiunga haifunguki kwenye simu. Nikaandika curl -I, amri inayoonyesha mistari hiyo ya mwanzo bila kupakua faili, na anwani yake. Jibu: application/octet-stream, yaani baiti tupu, kila mtu ajijue. Jina la faili lilikuwa fomu_ya_kujiunga, basi, halina mkia. Ndani lilianza na %PDF-1.4, zima kabisa. Nikaongeza .pdf, likafunguka. Linaniuma hili, maana anayeumia ni kijana wa mkoani aliyemaliza bando lake kupakua kitu ambacho simu yake haijui ikifanyie nini.

Lakini kinachoninyima usingizi ni folda za kupokelea picha. Apache haiishii kwenye nukta ya mwisho, huzisoma zote. Ukiwa umewasha PHP, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya seva, kwa agizo la AddHandler, faili liitwalo picha.php.jpg litapewa aina ya picha kwa sababu ya .jpg, na bado litaendeshwa kama programu kwa sababu ya .php. Mgeni anapandisha "picha", anaifungua kwenye kivinjari, na seva inamtii. Badala yake tumia agizo la SetHandler ndani ya FilesMatch inayoishia na \.php$, yaani majina yanayomalizikia .php tu, zima PHP kabisa kwenye folda hiyo, na kila faili linalopokelewa lipe jina jipya wewe mwenyewe.

Ongeza pia kwenye majibu ya seva mstari wa X-Content-Type-Options: nosniff, kivinjari kiache kubahatisha aina ya faili. Ukiiwasha, hati za JavaScript zinazotumwa kama text/plain zitagoma papo hapo. Usiizime kwa hasira, rekebisha orodha ya mime.types. Kwenye seva za zamani anza kutafuta .mjs (moduli za JavaScript) na .wasm (programu za WebAssembly), mara nyingi hazimo.