Jumamosi Niliyotaka Tanki Lijae Kwelikweli

Nilibishana na mhudumu wa kituo cha mafuta kwa ajili ya petroli isiyofika hata lita moja, na chanzo cha ubishi wenyewe kilikuwa daftari. Nilikuwa nimenunua pikipiki iliyokwisha kutumika, yenye tanki la lita 12, na kwa kuwa muuzaji aliniapia kwamba haili mafuta, nilianza kuandika kila kilomita niliyokwenda na kila lita niliyotia. Wiki ya kwanza nilikwenda kilomita 260, na tanki likajaa kwa lita 5.0, yaani kilomita 52 kwa lita moja. Wiki ya pili, kwa njia zile zile na umbali ule ule, lilichukua lita 6.6, ikawa kilomita 39. Fundi niliyemweleza habari hiyo alikaza skrubu ya kabureta, akailegeza tena, akaniambia pikipiki haina tatizo ila mimi nina hesabu nyingi.

Alikuwa na haki kuliko alivyojua. Usiku huo nilikumbuka kwamba mwisho wa wiki ya kwanza nilijaziwa pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, na mwisho wa wiki ya pili nilikuwa nimeishikilia wima. Ikiwa tanki la kwanza lilipungukiwa na lita 0.8, basi upungufu huo uliifurahisha hesabu ya wiki moja na kuiharibu ya wiki iliyofuata. Niliamua kwamba Jumamosi tanki litajaa kwelikweli, lisibakize nafasi hata ya kijiko, na hapo ndipo hesabu ingeanza upya.

Pampu ilijifunga yenyewe kwa mlio wake mkavu, mhudumu akachomoa. Nikamwomba asubiri. Niliinua pikipiki kutoka kwenye stendi, na petroli iliyokuwa inamemetuka karibu na mdomo wa tanki ikashuka mbele ya macho yetu. Tanki la pikipiki hukaa juu ya fremu kama tandiko juu ya punda, likiwa na shavu huku na shavu huku. Pikipiki ikilala kushoto, petroli hukusanyika shavu la kushoto, na hewa hubaki imejibanza katika kona ya juu ya shavu la kulia, mahali ambapo haioni njia ya kutokea. Nilipoitikisa, mapovu yalipanda moja moja, na kila povu liliacha nafasi yake.

Mhudumu alirudisha pampu, ikajifunga tena mara moja. Kwenye ncha ya mdomo wa pampu kuna kitundu kidogo kinachovuta hewa; petroli ikikiziba, mtambo wa ndani hukata mtiririko, hata kama petroli iliyokiziba ni povu tu. Kwa hiyo ikambidi atie kidogo kidogo, akiwa ameinama, mpaka petroli ikafika chini ya shingo, ile pete ya bati inayoning'inia ndani ya mdomo wa tanki.

"Kaka, hapa ndipo mwisho," alisema. "Juu ya hapa ni nafasi ya mafuta kupumulia."

Nilimwambia kwamba nafasi niliyoilipia ni yangu. Aliniangalia kidogo, kisha akaendelea kudondosha mpaka petroli ikalingana na ukingo. Nilipofunga kifuniko ilibubujika pembeni, nami nikaifuta kwenye rangi kwa leso, nikajiona mshindi.

Niliendesha kilomita mbili, nikaegesha juani kwa stendi ya pembeni, nikaingia kwenye shughuli zangu. Baada ya saa moja na nusu hivi niliitwa nje na mlinzi, mzee mwenye ndoo ya mchanga mkononi.

"Kijana, isogeze pikipiki yako, na usithubutu kuiwasha."

Kutoka kwenye mpira mwembamba unaoteremka nyuma ya injini, petroli ilikuwa ikidondoka, tone baada ya tone, na harufu yake ilikuwa imetulia pale chini kama maji yaliyotuama, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Petroli niliyotiwa ilitoka baridi kwenye hazina ya chini ya ardhi. Lita 12 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka karibu robo lita, na robo lita hiyo haikuwa na pa kwenda ila kwenye mpira ule. Mzee alimwaga mchanga, mimi nikaisukuma pikipiki hadi kivulini, huku nikimshukuru Mungu kwamba injini ilikuwa imekwisha kupoa.

Niliazima koleo na dumu, nikachomoa mpira wa kabureta, nikafungua koki taratibu huku pikipiki ikiwa wima, mpaka petroli ikashuka na kugusa chini ya ile pete. Ndani ya dumu ilikuwamo kama nusu lita, na iliyolala mchangani siwezi kuikadiria. Nilisoma kilomita kwenye saa ya pikipiki, nikaziandika.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa mhudumu yule yule. Sikusubiri aniambie; nilishuka, nikaishika pikipiki wima kwa mikono miwili. Alitia, akaacha mapovu yatoke, akamalizia kwa matone, kisha akasimamisha mkono.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Pampu ilisoma lita 5.8, na daftari lilikuwa na kilomita 261.