Futikamba ICU: nilivyofanya urefu wa mgonjwa upimwe kabla ya kupanga mashine

Mimi ni muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi, hospitali moja ya rufaa Tanzania. Naandika jinsi tulivyoacha mazoea ya kumpa kila mtu mzima pumzi ya mililita 500 kwenye mashine ya kupumulia, kwa sababu najua wodi nyingine bado wanafanya hivyo.

Nimonia kali, sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi), hata malaria kali huweza kuyafanya mapafu yavimbe na kujaa maji. Hali hiyo tunaiita ARDS. Luciano Gattinoni wa Italia alipopiga picha za CT za mapafu ya namna hiyo aliona kwamba sehemu inayobaki wazi kupokea hewa ni ndogo, kiasi cha mapafu ya mtoto. Sasa ukisukuma pumzi kubwa humo, ile sehemu yenye afya iliyobaki nayo inachanika. Mashine inayomwokoa mgonjwa ndiyo inayomuumiza.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 861 wa ARDS. Waliopewa pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo walifariki asilimia 39.8, waliopewa 6 kwa kilo, asilimia 31. Hakuna dawa mpya iliyotumika hapo, ni kupunguza pumzi tu. Lakini kilo zinazotajwa si za mizani. Zinakokotolewa kwa urefu na jinsia, maana mtu akinenepa mapafu yake hayaongezeki. Mwanamume: 50 jumlisha 0.91 mara urefu wa sentimita uliotolewa 152.4. Mwanamke ni vivyo hivyo, ila unaanza na 45.5.

Sikuanza kwa kuomba kikao. Nilinunua futikamba ya fundi cherehani, nikawa napima wagonjwa kwenye zamu yangu: kitanda kinanyooshwa, kutoka utosini hadi kisiginoni. Tulikuwa na mama mwenye sentimita 155, mnene. Hesabu yake ilitoka kilo 48, yaani mililita 288 kwa pumzi. Mashine ilikuwa kwenye 500. Nikaandika namba zote mbili kwenye chati yake, moja chini ya nyingine, nikamsubiri daktari wa zamu.

Alizitazama kwa muda. "Sista, tukishusha hivi hewa ya kaboni itapanda."

"Itapanda, dokta. Tuongeze idadi ya pumzi kwa dakika, na tuangalie shinikizo la mapafu lisipite 30."

Alikubali, tukashusha polepole huku tukimwangalia. Baada ya hapo yeye mwenyewe akawa ananiuliza urefu anapofika kitandani, na naamini hilo lilisaidia kuliko maneno yangu yote. Daktari akiuliza kitu kila asubuhi, wauguzi watakuwa nacho.

Wanawake wafupi ndio walioumia zaidi na ile 500 yetu. Mwanamume wa sentimita 170 anahitaji karibu 400, naye pia alikuwa anazidishiwa, ila si kwa kiasi kile.

Zamu ya usiku ndiyo iliyokuwa ngumu, mtu mmoja ana vitanda vingi na hesabu ya desimali saa nane usiku haiendi. Basi nikatengeneza jedwali, urefu upande huu, mililita upande ule, wanawake mbali na wanaume mbali, tukalibandika kwenye kila mashine. Futikamba ikafungwa hapo hapo kwa kamba ili isitembee. Msimamizi wetu akaamuru urefu usomwe wakati wa kukabidhiana zamu pamoja na presha na oksijeni.

Kumtambua mgonjwa mapema kulitusaidia pia, na hapo tunawashukuru waliofanya kazi Kigali. Vigezo vya Berlin vya mwaka 2012 vya kutambua ARDS vinataka kipimo cha gesi za damu na eksirei. Utafiti wa Rwanda uliochapishwa 2016 ulipendekeza kutumia kipimo cha oksijeni cha kidoleni na utrasaundi ya mapafu. Vitu hivyo tunavyo.

Sidai kwamba vifo vyetu vimepungua kwa sababu ya futikamba. Wengi wanatufikia wamechelewa, na wakati wa korona utafiti wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika ulionyesha karibu nusu ya wagonjwa mahututi walifariki ndani ya siku 30. Ninachojua ni kwamba pumzi tunayowapa sasa ina hesabu yake.

Tunachohangaikia kwa sasa ni kumlaza mgonjwa kifudifudi. Utafiti wa Ufaransa na Hispania wa 2013 ulionyesha kwamba kulala hivyo angalau saa 16 mfululizo kulipunguza vifo vya siku 28 vya wagonjwa wa ARDS kali kutoka asilimia 32.8 hadi 16. Kumgeuza kunataka watu kadhaa, mmoja akishika mrija wa kupumulia tu. Mchana tunawapata. Usiku tumeanza kuomba wenzetu wa wodi jirani waje saa ya kugeuza, na wawili wameshakubali kujifunza.