Muziki wa mashine bila kompyuta, Goma: anza na umeme

Wengi wanaotaka kuachana na kompyuta huuliza wanunue mashine gani. Kwa Goma mimi naona swali la kwanza ni umeme utatoka wapi.

Mashine ndogo nyingi za ngoma na za besi hutumia volti 9 za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri). Kupandisha betri ya volti 12 hadi 220 kwa konvetisa, halafu adapta iushushe tena umeme hadi 9, ni kuupoteza mara mbili. Isitoshe, konvetisa za bei ya chini huleta mvumo kwenye spika. Chukua kifaa cha kushusha volti 12 hadi 9, basi.

Betri ya risasi ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa), ina Wh 84 (wati-saa). Usiimalize, hesabu nusu, yaani 42. Mashine tatu za mA 300 (miliampea) kila moja hula wati 8 hivi, na ukiongeza unaopotea njiani, 10. Hiyo ni saa 4 za kazi, umeme wa mtaa uwepo usiwepo.

Kabla ya kuchomeka, tazama alama ya duara karibu na tundu la umeme. Volca, mashine ndogo za muziki za kampuni ya Korg, zinataka chanya katikati, pedali nyingi za gitaa zinataka hasi, na plagi inaweza kuingia kote kote. Pima kwa multimeta (kipima umeme): waya mwekundu katikati, mweusi nje. Ikionyesha alama ya kutoa (-), katikati ni hasi. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuunguza saketi.

Ukisikia kimlio chembamba kinachofuata mdundo, kelele ya mashine moja inapita kwenye waya wa hasi ambao mashine zote zinautumia kwa pamoja. Hamishia mashine moja moja kwenye betri ndogo ya peke yake hadi kimlio kipotee.

Mashine moja tu iongoze tempo (kasi ya mdundo), nayo iwe ya ngoma. MIDI, lugha ambayo mashine hutumia kupeana amri kwa waya, hutuma alama 24 kwa kila pigo. Tundu dogo la sync (la kulinganisha mdundo) la Volca linangoja 2 tu, ndiyo maana mipangilio isipolingana besi hukimbia au kuburuta. Mashine iliyowekwa kufuata saa ya nje haitaanza bila waya. Si mbovu. Na MIDI haibebi sauti, kwa hiyo kila mashine ipate jeki yake hadi kwenye miksa.

Vumbi la lava hapa ni kali. Funika mashine kwa kitambaa kila unapomaliza, maana likiingia kwenye vitufe vya kuzungusha, sauti hukwaruza. Ikitokea hivyo, zima, pulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, zungusha kitufe mara 20, acha ikauke. Usitumie mafuta ya kulegezea bolti, yanakusanya vumbi zaidi.

Kwa rumba, katika hatua 16 za mashine ya ngoma (nne kwa kila pigo) weka mlio wa vijiti kwenye 1, 4, 7, 11 na 13, ngoma kubwa kwenye 1, 5, 9 na 13. Hifadhi papo hapo, kabla hujagusa besi: mashine nyingi husahau usichohifadhi umeme ukikatika.